Ukienda Jozani, Usiishie kwa Kima

Wengi wanaotoka mjini Zanzibar kwenda Jozani, msitu wa hifadhi hapa Unguja, hufika langoni, wakapiga picha na kima punju, yaani kima wekundu, wakapanda gari kuwahi kuogelea Paje. Huwa nasikitika nikiwaona, maana mwenye nyumba wamemuona lakini nyumba yake hawakuiingia. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Kusini Unguja, kila mwaka nawapeleka wanafunzi, na ziara huipanga hivi.

Tokeni mapema. Kutoka mjini ni kiasi cha kilomita 35, na gari za Makunduchi, Jambiani na Paje zote hupita hapo. Mwambie utingo akushushe Jozani. Chukua kitambulisho, kwani kiingilio cha mwenyeji ni nafuu kuliko cha mgeni. Vaa viatu vya kufunika na nguo ndefu, mbu wamo. Kuna mtembezaji wa kukuongoza. Mwambie mwanzo kabisa kwamba unataka kuona sehemu zote tatu, yaani msitu, maweni na mikoko, ili apange muda.

Anzia msituni jua halijawa kali. Jozani imekaa bondeni, udongo wake ni wa kina na maji ya ardhini yako karibu, ndiyo maana mitondoo na michikichi imerefuka hadi chini pakawa giza. Masika ikikolea, maji hutuama humo ndani. Simama pahala pamoja dakika kumi bila kusema. Watoto hunung'unika mwanzoni, kisha mmoja huinua kidole: kuna kitu kinakwaruza majani makavu. Huenda akawa ndege tu. Huenda akawa paa nunga, ambaye ukiacha Unguja yumo katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Usimfuate. Ukipiga hatua moja ameshapotea.

Ng'ambo ya barabara ndiko utakakowakuta kima kwa karibu, ukingoni mwa mashamba. Vuka ukitazama pande zote, na ukiwa na gari yako punguza mwendo: yale matuta yamewekwa kwa ajili yao, kwani magari yalikuwa yakiwaua mno. Huku ni maweni. Udongo ni haba, mvua ikinyesha maji huzama mara moja kwenye nyufa za mawe, kwa hiyo miti ni mifupi na kima hukaa usawa wa macho yako.

Hapa usiwe na haraka. Mtazame mkono anapovuta tawi: vidole vinne virefu, gumba hana. Tazama anachokula: majani machanga, vichipukizi, matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na matunda mabivu yenye sukari humvuruga. Kwa hiyo ndizi yako ibaki mkobani, hata watoto wakikubembeleza. Kaa mbali naye mita tatu au zaidi, na ukiwa na mafua kaa mbali zaidi, kwani maradhi yetu huwapata. Ukimuona anatafuna kipande cha mkaa usishangae. Majani ya mwembe na mkungu yana sumu kidogo, na mkaa huinyonya sumu hiyo isimdhuru. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata kima punju zaidi ya 5,800, na asili yao ni Unguja tu. Muulize mtembezaji pia habari za wakulima ambao mazao yao huliwa. Sehemu ya kiingilio chako hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, na naona ni haki yao.

Mikoko iweke mwisho, lakini usiiruke. Hifadhi hii ilipotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2004 iliunganishwa na Ghuba ya Chwaka, na kima nao huingia mikokoni kula majani. Ukiweza, chagua siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: maji yakikupwa utaona kaa wenye gando moja kubwa wakipungiana kwenye tope, yakijaa, vidagaa hupita chini ya daraja la mbao. Wafundishe watoto kuitambua miti kwa mizizi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyojipinda. Mchu huchomoza vijiti vyake kutoka kwenye tope ili uvute hewa. Kisha mtafutie kila mmoja mbegu ya mkoko ambayo bado inaning'inia tawini: ndefu kama kalamu, imeshaota kabla ya kumwacha mama yake. Waiguse, wasiichume.

Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani, na chupa tupu rudi nayo. Gari za kurudi mjini zisubiri palepale barabarani, kabla ya magharibi, kwani baadaye huwa chache na zimejaa.