Kutoka Kigoma hadi Mediterania: namna ya kupanga likizo ya meli kwenye visiwa na bandari za kale

Likizo ya meli katika Bahari ya Mediterania hupangwa kwa kuanza na orodha ya bandari, si kwa kuanza na picha ya meli. Meli za kitalii zinafanana kuliko matangazo yanavyodai, kwani karibu zote zina kumbi za chakula, mabwawa ya kuogelea, maduka na vyumba vya bei mbalimbali. Kinachotofautisha safari moja na nyingine ni mahali meli inapofunga gati, saa inazokaa hapo na, kwa msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, nchi ambamo bandari hizo zimo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayepanga safari hiyo akiwa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu au Uvinza, mbali na balozi na mbali na viwanja vinavyorusha ndege za Ulaya, ambaye kila kosa la mpangilio humgharimu nauli ya ziada ya kwenda Dar es Salaam.

Viza ndiyo inayochora njia

Hispania, Ufaransa, Italia, Malta na Ugiriki zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, na Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza moja inatosha kuzitembelea zote. Uturuki, Misri, Tunisia na Montenegro hazimo, na Kupro, ingawa ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ina viza yake. Tofauti hii ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Meli inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, ikatia nanga Kuşadası nchini Uturuki kwa siku moja, kisha ikarudi kwenye visiwa vya Ugiriki, imekutoa Schengen na kukuingiza tena, na viza ya kuingia mara moja tu inakuwa imekwisha kazi pale ulipotoka. Ratiba ya namna hiyo inahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, pamoja na kutimiza masharti ya Uturuki yenyewe.

Kwa sababu hiyo, ninapendekeza safari ya kwanza iwe ya upande wa magharibi, ile inayozunguka bandari kama Civitavecchia au Genoa, Marseille, Barcelona, Palma, Palermo na Valletta. Bandari hizo zote zimo Schengen, na nchi tatu kati ya hizo, yaani Italia, Ufaransa na Hispania, zina balozi Dar es Salaam. Kanuni ni kwamba ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi na, pale siku zinapolingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Meli inayogusa kila nchi kwa siku moja huleta utata hapo, na njia nyepesi ya kuuondoa ni kulala Roma usiku mbili au tatu kabla ya kupanda, ili ionekane wazi kwamba Italia ndiyo mwenyeji wako mkuu. Usiku hizo zitakusaidia kwa sababu nyingine pia, nitakayoieleza mbele.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na halipaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake, lakini anayeishi Kigoma asithubutu kusubiri hadi mwezi wa mwisho. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12, wakati walio chini ya miaka 6 hawalipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari inapaswa kufidia matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Ni lazima ufike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, na alama hizo hutumika tena kwa ombi jingine ndani ya miezi 59, hivyo anayepata viza mara ya kwanza huwa amejirahisishia mara ya pili.

Sehemu inayowaangusha wengi ni uthibitisho wa kipato na wa sababu ya kurudi nyumbani. Mfanyabiashara wa mawese au wa dagaa anaweza kuwa na mtaji mkubwa kuliko mwajiriwa wa ofisini, lakini ikiwa fedha zake hupita mkononi na kwenye simu tu, karatasi za benki zitamwonyesha kama mtu asiye na kitu. Anza kupitisha mauzo benki miezi mingi kabla ya kuomba, kisha uambatishe leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na hati za mali ulizo nazo. Fedha nyingi zilizoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi huleta maswali badala ya kuyajibu. Wala usilipe gharama yote ya meli kabla viza haijatoka; tafuta nauli inayoruhusu kuahirisha au kurejeshewa fedha, hata ikiwa imezidi kidogo.

Kuhusu pasipoti yenyewe, maombi hujazwa mtandaoni na kukamilishwa katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, kwa ada ya shilingi 150,000 na kitambulisho cha NIDA. Kwa kuwa mkoa wetu uko mpakani, jiandae na vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au viapo vinavyokubalika, ili uhakiki wa uraia usije ukala miezi uliyoitenga kwa ajili ya viza.

Soma jina la bandari, si jina la mji

Matangazo hupenda miji mashuhuri, wakati meli hufunga pale penye kina na nafasi. Inapoandikwa Roma, meli itakuwa Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka Roma, mwendo wa takriban saa moja kwa treni. Inapoandikwa Florence, itakuwa Livorno, na safari ya nchi kavu ni ndefu zaidi. Athens maana yake ni Piraeus, ambako treni za mjini hufika, kwa hiyo hapo hakuna shida kubwa. Venice ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote: tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli zenye ujazo wa zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita kwenye mfereji wa Giudecca mbele ya mji wa kale, na safari nyingi zinazouzwa kwa jina la Venice huanzia Marghera, Ravenna au Trieste. Aliyekwisha kata tiketi ya ndege bila kulijua hilo hujikuta ana safari nyingine ndani ya safari.

Zipo pia bandari ambazo mji wa kale uko mlangoni pa meli, na hizo ndizo zinazostahili kupewa uzito unapolinganisha ratiba. Palermo ni mojawapo: unashuka na kutembea kwa miguu hadi katikati ya mji, na katika Cappella Palatina, kanisa la ikulu lililojengwa karne ya 12 chini ya Mfalme Roger II, unakuta dari ya mbao iliyochongwa kwa ufundi wa Kiarabu pamoja na maandishi ya Kiarabu juu ya michoro ya watakatifu. Mtu aliyekulia Ujiji, ambako milango ya nakshi na misikiti ya kale haikuwa jambo la kusomwa kitabuni, ataitazama dari hiyo kwa jicho tofauti na la abiria wenzake. Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, nayo ina mji wenye kuta uliokuwa mikononi mwa mashujaa wa Mtakatifu Yohana, askari wa shirika la kidini la Kikristo, kuanzia 1309 hadi 1522, na malango yake yako hatua chache kutoka gatini.

Valletta, kwa maoni yangu, ndiyo bandari bora ya kuingia kwa meli katika bahari yote hiyo, na ningemshauri mtu aamke alfajiri akae sitahani kwa ajili yake. Meli hupita katikati ya ngome za mawe ya rangi ya asali pande zote mbili za Bandari Kuu. Mashujaa walewale waliotolewa Rhodes walipewa Malta mwaka 1530, wakahimili mzingiro wa jeshi la Waosmani wa Uturuki mwaka 1565, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga mji huu unaobeba jina la kiongozi wao, Jean de Valette. Karibu na gati kuna lifti ya Barrakka inayopandisha abiria mita 58 hadi bustani za juu, jambo la heri kwa anayesafiri na mama mzee mwenye magoti mabovu. Mji wote unazungukika kwa miguu kwa siku moja, na hakuna haja ya kununua matembezi ya meli.

Santorini, kisiwa kingine cha Ugiriki, ni habari nyingine. Meli haziwezi kufunga gati pale. Husimama kwenye maji ya kina ndani ya shimo la volkano, na abiria hushushwa kwa mashua, kama vile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilivyokuwa ikisimama mbali na vijiji vya ziwani na mitumbwi ikaja kupokea watu na mizigo. Ukishafika bandari ya chini, unapanda hadi mji wa Fira kwa gari la kamba au kwa ngazi zaidi ya 500, na siku ambayo meli kadhaa zimefika pamoja, foleni ya gari la kamba hula saa nzima wakati wa kupanda na tena wakati wa kurudi. Katika miezi ya kiangazi huvuma pia upepo mkali wa kaskazini katika bahari ya Aegean, na nahodha anaweza kuamua kuiacha bandari ya mashua bila kuuliza abiria. Tangu 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli za kitalii ada maalumu, ambayo kwa Santorini na Mykonos hufika euro 20 katika miezi yenye wageni wengi. Angalia kama imo ndani ya nauli yako.

Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali, lakini yana faida moja isiyo na mbadala: basi la matembezi hayo likichelewa, meli husubiri. Ukienda mwenyewe, haisubiri. Kwa hiyo nunua matembezi ya meli pale mji ulipo mbali, kama Livorno, na ujitegemee pale ulipo karibu, kama Palermo, Valletta au Naples, ambako treni ya Circumvesuviana hukufikisha Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Mahali kama kanisa la Sagrada Família la Barcelona, iliyoanza kujengwa mwaka 1882 na ambayo huuza tiketi kwa saa maalumu, kata tiketi mtandaoni ungali Kigoma.

Saa, majira na mavazi

Ratiba ya meli huandikwa kwa saa 24, na mtu aliyezoea hesabu yetu anapaswa kuibadilisha kichwani kwa uangalifu: 17:00 ni saa 11 jioni, ilhali 11:00 ni saa 5 asubuhi. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, Ugiriki na Uturuki huenda sawa na Tanzania, huku Italia, Malta, Ufaransa na Hispania zikiwa nyuma kwa saa moja, na meli inaweza kurekebisha saa zake katikati ya safari. Abiria hutakiwa kuwa ndani nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Beba mkononi jarida la siku linalosambazwa melini, kwa kuwa hubeba namba ya wakala wa bandari, pamoja na nakala ya pasipoti, kwa sababu baadhi ya meli huzishika pasipoti zenyewe.

Mei, mwisho wa Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Julai na Agosti bei hupanda na joto la Athens au Roma hupita nyuzi 35, joto kavu ambalo hata mwenyeji wa Tabora hulilalamikia. Katika majira ya joto ya 2023 na 2024 Acropolis, ngome ya kale ya Athens, ilifungwa saa za mchana siku kadhaa kwa sababu yake. Makanisa mengi, Mtakatifu Petro wa Vatikani likiwa la kwanza, hayamwingizi mwenye mabega au magoti wazi, na hapo khanga moja mkobani huokoa siku.

Kwenda, kupanda na kushuka

Fika katika mji wa bandari angalau siku moja kabla, kwa maana ndege ya Kigoma ikiahirishwa, mnyororo wote wa safari hukatika, na hapa ndipo zile usiku za Roma zinapolipa. Anayependa treni hadi Dar es Salaam aongeze siku kadhaa.

Ndani ya meli, chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, na chumba cha sitaha ya chini katikati ya meli ndicho kinachoyumba kidogo. Atakayesafiri peke yake ajue kwamba mara nyingi hutozwa karibu bei ya watu wawili. Bakshishi hukatwa kila siku, kwa kampuni nyingi kati ya dola 10 na 20 kwa mtu, na vinywaji na intaneti huhesabiwa kando. Fedha za simu hazitumiki. Unahitaji kadi ya benki inayokubalika kimataifa, ambayo benki yako imearifiwa kwamba utaitumia nje, au fedha taslimu za kuweka amana. Mwislamu anayehitaji chakula halali aiandikie kampuni wiki nyingi kabla, si siku ya kupanda.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa huwekwa nje ya chumba yakiwa na lebo, kwa hiyo bakiza dawa, pasipoti na nguo za kesho kwenye mkoba mdogo. Hakiki hesabu ya chumba usiku huohuo, kwa kuwa asubuhi foleni ya mapokezi huwa ndefu. Kuteremka kwa abiria wote huchukua saa kadhaa, na kutoka Civitavecchia hadi uwanja wa ndege wa Fiumicino kuna safari nyingine ya barabara au treni, hivyo usikate tiketi ya ndege inayoruka kabla ya saa 8 mchana.