Kuandaa marekebisho ya kanuni za ujenzi za jiji, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa anayefanya kazi katika idara ya majengo ya jiji la Marekani na ameambiwa: "Toleo jipya linakuja, tuandalie marekebisho yetu." Matoleo ya vitabu vya kanuni za ujenzi, IBC (majengo kwa jumla) na IRC (nyumba za familia moja au mbili) hutolewa na International Code Council kila baada ya miaka 3. Hayo ni kanuni za kuigwa tu, si sheria. Yanakuwa sheria pale jimbo au jiji linapoyapitisha, na hapo ndipo jiji hupata nafasi ya kuongeza au kupunguza.

Hatua ya 1: Jua jimbo linakuruhusu nini. Usiandike hata mstari mmoja kabla ya hapa. California hudai jiji lieleze sababu itokanayo na hali ya hewa, jiolojia au sura ya ardhi ya mahali hapo. Tena, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 hadi 1 Juni 2031, jimbo hilo limezuia marekebisho mapya kwa nyumba za makazi, isipokuwa kwa mambo machache kama dharura za usalama. Florida huruhusu masharti ya kiufundi yaliyo makali kuliko ya jimbo, nayo hufa toleo jipya la jimbo linapoanza kutumika.

Hatua ya 2: Jaza mapengo. Kifungu 101.1 cha IBC kina mabano yanayosubiri jina la jiji. Nimewahi kuona sheria ndogo iliyopitishwa na mabano yake yakiwa vilevile. Jedwali la R301.2 kwenye IRC nalo huja tupu: uzito wa theluji, kasi ya upepo, kina cha barafu ardhini, hatari ya mchwa, yote mjaze nyinyi. Viambatisho vya nyuma ya kitabu havina nguvu mpaka mvitaje kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Kaa na wakaguzi. Waulize wanabishana na mafundi kuhusu nini. Utatoka na orodha ndefu, na sehemu kubwa yake itakuwa mazoea ya mkaguzi fulani. Futa bila huruma. Kila sharti la ziada ni gharama kwa anayejenga.

Hatua ya 4: Andika kifungu kinachojibu swali la mwombaji wa kibali aliyefika kaunta. Hapa ndipo kazi ilipo. Tazama rasimu hii:

*"Paa katika maeneo ya hatari ziezekwe kwa vifaa vinavyofaa."*

Maeneo yapi? Vinavyofaa kwa nani? Sasa hii:

*"Jengo jipya lililo ndani ya eneo la moto wa nyika lililochorwa kwenye ramani rasmi ya jiji litaezekwa kwa paa la Daraja A. Sharti hili litahusu pia jengo la zamani linapobadilishwa zaidi ya nusu ya paa lake ndani ya miezi 12."*

Daraja A ni kiwango cha juu kabisa cha paa kustahimili moto. Bila sentensi ya pili, mtu atakuja kaunta na ombi la kubadilisha upande mmoja wa paa, kisha arudi mwezi ujao na upande wa pili. Nayo "nusu" ipimwe kwa eneo la paa, si kwa gharama. Liandike hilo pia.

Kagua na namba za vifungu. Hubadilika kati ya matoleo, na rekebisho la zamani lililonakiliwa tu linaweza kufuta kifungu kisichohusika kabisa.

Hatua ya 5: Funga kila rekebisho na sababu yake. "Jiji letu lina mazingira ya pekee" haisimami mbele ya mwanasheria yeyote. Andika hivi: upepo mkavu hupeperusha makaa mbele ya moto, vilima vinauharakisha kupanda, na mtaa una barabara moja ya kuingilia, hivyo zimamoto huchelewa, na paa ndilo linalopokea makaa hayo kwanza. Sababu ikikataa kufika kwenye paa, rekebisho hilo liache.

Hatua ya 6: Hesabu tarehe kinyumenyume. Baraza mara nyingi husoma sheria ndogo mara mbili, pakiwa na tangazo na kikao cha wananchi, kisha siku za kusubiri. California, marekebisho hayaanzi kutumika kabla ya kuwasilishwa kwa tume ya jimbo ya viwango vya ujenzi. Kanuni zake za 2025 zilianza tarehe 1 Januari 2026. Jiji lililoamka Novemba lilikuwa limechelewa. Weka pia kifungu cha mpito: ombi lililopokelewa likiwa kamili kabla ya tarehe ya kuanza litapimwa kwa kanuni za zamani.

Hatua ya 7: Karatasi moja ya kaunta. Mpe karani asiyehudhuria kikao hata kimoja, kisha umuulize: "Nataka kubadilisha upande mmoja wa paa, nahitaji nini?" Akikwama, irudie karatasi kabla ya siku ya kuanza.