Mtoto akigongwa kichwa: namna ya kumrudisha kwenye mazoezi baada ya mtikisiko wa ubongo

Ule ushauri wa kumlaza mtoto kwenye chumba chenye giza mpaka dalili zote ziishe tumeuacha. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana hivi: apumzike siku moja au mbili, kisha mwili uanze kufanya kazi. Ndivyo ninavyowaelekeza wazazi katika kazi yangu ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi).

Hatua ya 1. Atoke mchezoni papo hapo, na siku hiyo asirudi hata akiapa kwamba yuko sawa. Apimwe na mhudumu wa afya. Mkimbizeni hospitali akitapika tena na tena, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, mkono au mguu ukilegea, akizidi kuchanganyikiwa au akiwa haamshiki vizuri.

Hatua ya 2. Saa 24 hadi 48 za mwanzo apumzike, ila asifungiwe. Atembeetembee nyumbani na alale vya kutosha. Simu na televisheni zipunguzwe sana.

Hatua ya 3. Sasa aanze matembezi mepesi, hata kama kichwa bado kinauma kidogo. Hapa ndipo wazazi wengi huogopa, nami nawaelewa. Kipimo ni hiki: kabla ya kutoka, mwulize maumivu yako wapi kati ya 0 na 10. Yakipanda kwa alama 2 au chini ya hapo na kutulia ndani ya saa moja, hakuna ubaya. Alianza na 2 akafika 5? Asimame, apumzike, kesho ajaribu tena kwa mwendo wa chini. Vijana wanaotamani kucheza huficha dalili, kwa hiyo mtazame usoni pia: amekunja uso, anakwepa mwanga, amekuwa mkali bila sababu?

Hatua ya 4. Aongeze kasi. Baiskeli ya mazoezi isiyosogea inafaa kwa sababu hatari ya kuanguka ni ndogo. Mapigo ya moyo yasizidi kwanza asilimia 55 ya kiwango cha juu, baadaye 70. Kwa kijana wa miaka 15, ukikadiria kwa kutoa umri kwenye 220, ni kama mapigo 113, kisha 143 kwa dakika.

Hatua ya 5. Mazoezi ya mchezo wake, akiwa peke yake: kukimbia, kugeuka, kupiga pasi ukutani. Mpira wa kichwa bado ni mwiko.

Hatua ya 6. Kabla ya mazoezi yoyote ambamo kichwa kinaweza kugongwa tena, masharti ni matatu: dalili zimekwisha hata anapojituma, amerudi shuleni kikamilifu, na daktari ameruhusu. Aanze na mazoezi ya timu yasiyo na kugongana, kisha yenye kugongana, mechi iwe ya mwisho. Kila ngazi ichukue angalau saa 24; dalili zikirudi katika ngazi hizi, arudi Hatua ya 5 mpaka ziishe kabisa hata anapojituma.

Wiki 4 zikipita na bado ana dalili, msiendelee kusubiri nyumbani. Apelekwe kwa mtaalamu akaguliwe shingo, macho, uwezo wa kusimama bila kuyumba na usingizi, maana kila kimoja kina tiba yake.