Kabla hujamleta kinguruwe nyumbani

Muuzaji alinionyesha wazazi wa kinguruwe wangu, wadogo kama mbwa, nikaamini. Umri sikuuliza. Kumbe nguruwe huzaa kabla hajafika mwaka, ila huendelea kukua hata miaka minne. Wangu sasa ana kilo 55 na hufungua friji kwa pua. Basi uliza umri wa wazazi, si kimo.

Kisha piga simu manispaa. Huku Marekani miji mingi humhesabu mfugo, si kipenzi. Daktari wa mifugo anayepokea nguruwe mtafute kabla ya kulipa. Uwanja unao? Atachimba tu, bustani au zulia. Huweza kufika miaka 15.

Na waulize wakwe. Mama mkwe wangu ni Mwislamu wa Tanga. Siku hizi tunaonana kwake tu.