Kipimo cha interferoni gama kwa TB fiche: soma mrija wa zambarau kabla ya kuandika "hasi"

Seli T (seli za kinga za damu) zilizowahi kukutana na bakteria wa TB zikimwona tena, huwasha jeni ya IFNG, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, na kumwaga interferoni gama. Protini hiyo huyapa makrofaji (seli zinazomeza vijidudu) nguvu ya kuua bakteria waliomezwa. Mwaka 1996 walielezwa watoto wa Malta wenye kasoro kwenye kipokezi chake: vijidudu vya jamii ya TB ambavyo wengine hatuvihisi viliwaletea ugonjwa mkali. Kipimo cha QuantiFERON-TB Gold Plus hupima interferoni hiyo ili kugundua TB fiche, yaani bakteria waliomo mwilini bila kumwuguza mtu.

Hatua ya 1. Toa damu, mililita 1 kila mrija: kijivu (hauna kichocheo), kijani na njano (antijeni za TB, yaani protini zake zinazotambuliwa na seli T), zambarau (mitojeni, inayochochea seli T zozote). Mirija ya kawaida mwisho wake ni mwinuko wa mita 810. Dar sawa, Nairobi agiza ya nyanda za juu, la sivyo ujazo hautakuwa sahihi.

Hatua ya 2. Tikisa mara 10 mpaka damu ipake kuta zote za ndani, kwani antijeni zimekaushiwa hapo. Usitumie nguvu kupita kiasi, utavuruga jeli.

Hatua ya 3. Inkubeta nyuzi 37, ndani ya saa 16 tangu kutoa damu. Iache saa 16 hadi 24. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha pima interferoni kwa ELISA (kipimo cha maabara cha kusoma kiasi cha protini).

Hatua ya 4. Kijivu kikizidi 8.0 IU/mL, jibu haliamuliki. Kisichozidi, toa namba yake kwenye namba za mirija mingine. Kijani au njano ikibaki na 0.35 au zaidi, na isipungue asilimia 25 ya kijivu, ni chanya.

Isipofika, usiandike hasi bado. Chukulia mgonjwa wa VVU mwenye CD4 (seli T ambazo VVU huzishambulia) za chini: kijivu 0.05, kijani 0.06, njano 0.07, zambarau 0.30. Zambarau toa kijivu ni 0.25, chini ya 0.5 inayotakiwa. Seli zake hazikuitikia hata mitojeni, sasa ukimya wao mbele ya TB unathibitisha nini? Andika "haliamuliki". Daktari akilalamika, mwonyeshe namba.

Hatua ya 5. Ikiwa chanya, usisingizie chanjo: ESAT-6 na CFP-10, antijeni za mirija hii, hazimo kwenye BCG, tofauti na antijeni za kipimo cha ngozi. Ila kipimo hakitenganishi TB fiche na TB iliyokwisha kuwa ugonjwa. Anayekohoa, makohozi yaende GeneXpert (mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB) na kifua kipigwe eksirei kabla hajaanzishiwa dawa za kinga.