Jinsi ya kumsoma Garuda kwa kidole

Nilipofika Yogyakarta, Indonesia, kusoma, kila nilikoingia nilimkuta Garuda, ndege wa dhahabu wa nembo ya taifa, ukutani: darasani, uhamiaji, hata kwa balozi wa mtaa. Wiki kadhaa nilimtazama tu. Aliyenifundisha kumsoma ni Ibu kos, mama mwenye nyumba niliyopanga, tena kwa kidole, kama mwalimu wa chuoni anavyofundisha alifu na bee.

Tafuta picha kubwa. Kwenye sarafu utaumiza macho bure. Anza na bawa moja na uhesabu manyoya: 17. Bawa la pili nalo 17, lakini usiyajumlishe. Mimi nilijumlisha, nikakaa natafuta maana ya 34. Shuka mkiani: 8. Halafu yale madogo chini ya ngao, pale mkia unapoanzia: 19. Malizia shingoni, na hapo ndipo penye kazi, maana yamebanana kama magamba ya samaki: 45. Sasa yapange: 17, 8, 1945. Ndiyo siku Sukarno na Hatta, rais wa kwanza na makamu wake, walipotangaza uhuru wa Indonesia mjini Jakarta.

Ukija kwenye ngao, usiisome kama gazeti. Anzia katikati kwenye nyota, imani kwa Mungu mmoja. Kisha shuka pembe ya chini kuliani kwako na uzunguke kinyume cha saa, kama mahujaji wanavyoizunguka Al-Kaaba. Utaanza na mnyororo: utu wenye haki na ustaarabu, pete za mraba zikiwa wanaume na za duara wanawake. Juu yake pana beringin, mti wa jamii ya mkuyu unaoshusha mizizi kutoka matawini. Huo ni umoja wa Indonesia. Vuka kushoto ukutane na kichwa cha banteng, ng'ombe wa mwituni. Hao hupenda kukaa kundi, kwa hiyo ni uongozi wa watu kwa kushauriana. Chini yake mpunga na pamba, chakula na nguo, yaani haki kwa jamii nzima. Hizo tano ndizo Pancasila, misingi mitano ya taifa.

Wengi huuruka mstari mweusi mnene uliokata ngao. Ni ikweta, hii hii inayopita kwetu Nanyuki. Nao hupita mji wa Pontianak, na aliyemchora Garuda ni Sultan Hamid II wa Pontianak! Mtu kaipitishia nembo ya taifa mstari wa mji wake. Hayo nasema mimi, Ibu kos hakuyasema. Nembo ilipitishwa Februari 1950, Garuda akiwa bado na upara; Sukarno ndiye aliyetaka aongezwe kishungi.

Utepe kwenye makucha umeandikwa Bhinneka Tunggal Ika, Kijava cha kale: ni tofauti, lakini ni kitu kimoja. Maneno hayo yametoka kwenye utenzi wa Mpu Tantular wa karne ya 14, na humo yalihusu Shiva, mungu wa Kihindu, na Buddha. Leo yanabeba visiwa zaidi ya 17,000.

Ua la taifa halihitaji somo kwa mtu wa pwani. Ni melati, asumini yetu, alama ya usafi wa moyo, na bibi harusi wa Kijava huning'iniza mikufu ya maua hayo kichwani. Nilipoinusa mara ya kwanza nilikumbuka kikuba cha shangazi.

Bendera ndiyo ilinitia aibu. Nyekundu ni ujasiri, nyeupe ni usafi, na Agosti 17 kila nyumba hupeperusha yake. Ukisahau ipi inakaa juu, maana nyeupe ikikaa juu inakuwa bendera ya Poland, kumbuka mji wa Surabaya, Septemba 1945: vijana walipanda paa la hoteli wakachana ufito wa buluu wa chini kwenye bendera ya Uholanzi, ikabaki nyekundu juu ya nyeupe. Mimi kisa hicho nilikuwa sijakisikia. Asubuhi ile nilipanda kigoda, nikafunga bendera getini, nikashuka kujitazamia kazi yangu. Ibu kos alitoka na ufagio, akainua macho, akasema neno moja: "Polandia."

Nikarudi juu ya kigoda.