Jino Lililotibiwa Mzizi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulivisha Kofia

Swali la kofia ya jino, au krauni kama wengi wanavyoiita, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino, kwa kawaida huulizwa likiwa limechelewa. Mtu hufika kliniki baada ya kukesha na maumivu, mzizi unatibiwa, yaani kiini cha jino kinatolewa na mfereji wake kujazwa, anapata nafuu, kisha siku ya mwisho anaambiwa kuna krauni ya kulipia. Kwa kuwa jino halimuumi tena, anaahirisha. Miezi inapita, gego linapasuka kwenye mhindi wa kuchoma, na kinachobaki ni kung'oa. Fedha za mzizi zimepotea pamoja na jino. Kwa hiyo muulize daktari mambo mawili kabla hata ya sindano ya kwanza ya ganzi: je, jino hili litahitaji kofia, na je, litabaki na ukuta wa kutosha kuishika? Jibu la pili likiwa hapana, ni afadhali ulijue kabla hujalipia mzizi.

Anza na mahali jino lilipo. Meno ya mbele kazi yake ni kukata, na tundu la kutibia mzizi hupita upande wa nyuma, karibu na ulimi. Kama sehemu kubwa ya jino ni nzima, kulijaza vizuri kwa komposit, kijazio chenye rangi ya jino, kunatosha. Likigeuka rangi, linaweza kung'arishwa kutoka ndani bila kusagwa. Kumvisha mtu krauni kwenye jino la mbele lenye tundu dogo tu ni kusaga jino zima bila sababu. Magego ni habari nyingine. Kila unapotafuna, chakula husukuma vilele vya gego viachane, na gego lisilo na kitu cha kuvishikanisha hupasuka katikati.

Wengi huambiwa kwamba jino lililotolewa kiini hukauka na kuwa kama kuni kavu. Sababu kubwa si hiyo. Jino hudhoofika kwa sababu limechimbwa. Utafiti mmoja wa maabara uliochapishwa Marekani mwaka 1989 ulipima magego madogo na kukuta kwamba tundu la kutibia mzizi peke yake lilipunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 hivi, ilhali kuondoa kingo mbili za pembeni, ule wa mbele na ule wa nyuma unaogusana na meno jirani, kulipunguza kwa asilimia 63. Kwa hiyo muulize daktari hasa kuhusu kingo hizo. Zikiwepo zote mbili na tundu likiwa dogo, gego linaweza kujazwa tu na kufuatiliwa. Mmoja ukiwa umeliwa, mizani inaelekea kwenye kofia. Zikiwa zimekwenda zote, vilele lazima vifunikwe, iwe kwa krauni kamili au kwa kipande kinachofunika sehemu ya juu peke yake na kuacha kuta za pembeni bila kusagwa. Tunapendelea hicho kipande pale kuta zinapokuwa nene, kwa sababu kinahifadhi jino zaidi.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2002, ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa krauni yalipotea kwa kasi ya takriban mara 6 kuliko yaliyovishwa. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu, kwani madaktari huwa wanavisha meno yenye matumaini tangu mwanzo. Hata hivyo, kwa magego, mwelekeo wake ni wa kuaminika.

Jambo linaloamua zaidi kama kofia itadumu halionekani kwenye kioo chako nyumbani. Juu ya ufizi panatakiwa pabaki pete ya jino halisi, lenye afya, yenye kimo cha milimita 2 hivi na unene usiopungua milimita 1, ikizunguka jino lote au karibu lote. Kofia hukumbatia pete hiyo. Pete isipokuwepo, kofia inakuwa imekaa juu ya kijazio peke yake. Kila mtafuno unaitikisa, simenti inaachia, mate na bakteria wanapenya chini yake, na mwisho inachomoka au mzizi unapasuka. Daktari anaweza kupunguza ufizi na mfupa kidogo ili pete ipatikane, lakini hilo ni pasuo la ziada, na linafaa tu kama mzizi ni mrefu wa kutosha.

Hapa ndipo watu huuziwa kijiti, yaani kile cha chuma au nyuzi kinachoingizwa kwenye mfereji wa mzizi, wakiambiwa kitaimarisha jino. Hakiimarishi. Kazi yake ni kushikilia kijazio pale ambapo hakuna ukuta wa kukishika. Kikihitajika kweli, kwenye ncha ya mzizi pabaki milimita 4 hadi 5 za gataperka, ule mpira unaojaza mfereji, na mfereji usipanuliwe ili tu kijiti kinene kiingie. Gego lenye kuta tatu nzuri kwa kawaida halihitaji kijiti.

Ufa utafutwe kabla ya kofia. Kijazio cha zamani kitolewe chote, jino likaguliwe kwa mwanga na rangi maalumu, kisha ung'ate kibao kidogo cha majaribio kwa kilele kimoja kimoja, hasa kama jino limekuwa likiuma unapoachia. Daktari apime pia kina cha ufizi kuzunguka jino. Ikiwa kila mahali ni milimita 2 au 3, kisha sehemu moja nyembamba kipimo kinazama milimita 7 au 8, huenda mzizi umepasuka kwa urefu. Jino la hivyo usilivishe.

Omba nakala ya eksirei ya mwisho. Mstari mweupe wa gataperka uwe umejaa bila mapengo na uishie kati ya milimita 0.5 na 2 kabla ya ncha ya mzizi. Kijipu kwenye ufizi kiwe kimefunga. Maumivu unapotafuna chakula kwa siku chache baada ya matibabu ni ya kawaida, ila yasiyopungua yachunguzwe kwanza. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kinaweza kuchukua mwaka au zaidi kufifia, na si lazima ukisubiri kama jino limetulia.

Muda hautakusubiri. Kijazio cha muda, kikiwa na unene wa milimita 3.5 au zaidi, kinakutunza kwa wiki chache tu. Lenga kulifunga jino kabisa ndani ya wiki 2 hadi 4. Fedha za krauni zikikosekana, usirudi nyumbani na simenti ya muda. Omba kijazio cha kudumu kinachofunika na vilele, tafunia upande mwingine, na uache mifupa ya nyama choma na miwa kwa sasa. Mfereji uliokaa wazi kwa mate miezi mitatu, madaktari wengi hutaka kuutibu upya.

Kuhusu bei, omba mchanganuo ulioandikwa: kijazio cha ndani, kijiti kama kipo, eksirei, kofia ya muda, kofia yenyewe, na nani analipa ikivunjika. Kadi nyingi za bima huhitaji idhini kabla ya krauni, na nyingine haziilipii kabisa, kwa hiyo peleka maombi kabla jino halijasagwa. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya. Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, hutibu kupitia wanafunzi wanaosimamiwa na wahadhiri. Panga kuwa na subira ya ziara nyingi zaidi.

Kofia ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, hufaa magego, hata kwa wanaosaga meno usiku, mradi walale na kinga ya mdomoni. Chuma kilichofunikwa kauri nacho hudumu, ila kauri yake huweza kubanduka. Rangi ichaguliwe kabla ya kusaga, kwa mwanga wa mchana, kwa sababu jino likikauka hung'aa kuliko kawaida. Kwa waliokulia Bonde la Ufa au kwenye maji ya visima yenye floraidi, madini yanayotia meno mabaka ya kahawia, mabaka hayo yaandikwe kwenye maagizo ya maabara, la sivyo utaletewa jino jeupe lisilofanana na majirani zake.

Siku ya kuvishwa, kofia ijaribiwe kabla ya simenti. Uzi wa meno upite kwa kubana kidogo kila upande. Ukipita bila kugusa, nyama itanasa hapo kila mlo. Uma karatasi ya rangi, na kofia isiguse kabla ya meno mengine. Ukihisi iko juu hata kidogo, sema wakati huo huo, kwa sababu ganzi ikiisha na simenti ikishakauka, kuirekebisha ni kuisaga ikiwa mdomoni.